Kabla Samaki Hajaingia Chunguni

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya umetoka zahanati na kwenda pwani. Tulitembelea Bagamoyo, mji wa wavuvi ulio kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Wengi wetu tunaujua kwa sababu mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo kutoka Unguja wakaanzisha misheni. Lakini safari hii hatukwenda kuhiji. Tulikwenda kumtazama samaki, kwani familia zetu humla sana, hasa Ijumaa na wakati wa Kwaresima, na ni wachache wanaojua amepita wapi kabla ya kufika chunguni.

Asubuhi ufukweni

Ngalawa na mashua zilizolala baharini hurudi asubuhi. Wachukuzi huingia majini hadi kiunoni na kutoka na ndoo vichwani. Samaki humwagwa mchangani, mnadi akapaza sauti, na kwa dakika chache fungu limepata mwenyewe. Kando yake kina mama wamekwisha koka kuni chini ya makarai makubwa ya mafuta. Hapo kuna changu, kibua, kolekole, pweza na dagaa.

Kufika saa sita mchana jua lilikuwa kali, na fungu moja la kibua lilikuwa bado mchangani bila barafu. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, aliinama kulichagua kwa sababu bei yake ilikuwa imeshuka sana. Mkaangaji mmoja mtu mzima alimwita pembeni. Alimwambia kwa upole amwache samaki yule, kwa maana alikuwa hapo tangu asubuhi, na ugonjwa wa mtoto ungemgharimu zaidi. Yule mama alisimama akihesabu fedha zake. Hazikutosha kununua samaki wa barafuni.

Sumu isiyokufa kwa moto

Mkaangaji yule alisema kweli. Kibua, jodari na nguru wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Kuchemsha hakukiondoi, wala kukaanga, wala limau na pilipili. Aliyekula huweza kuona dalili katika muda wa dakika chache hadi saa moja: uso kuwa mwekundu au kuwaka moto, kichwa kuuma, vipele, moyo kwenda mbio, kutapika au kuharisha. Mara nyingi hali hupungua ndani ya siku moja. Lakini akipumua kwa shida au akizimia, apelekwe hospitali mara moja.

Wako wengine ambao ni hatari hata wakiwa wabichi kabisa. Bunju ana sumu kali, hasa katika maini na mayai yake, na moto hauiondoi. Kasa vilevile. Kisiwani Pemba watu 7 walifariki mwezi Novemba 2021 baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi Machi 2024, huko huko Pemba, walifariki watu 9, na wanane kati yao walikuwa watoto. Sumu ya kasa haina dawa ya kuiondoa mwilini, na inaweza kupita katika maziwa ya mama hadi kwa mtoto anayenyonya. Basi tusimle kasa hata kidogo, hata kama jirani amekula jana na hakudhurika. Tena sheria inakataza kumvua.

Jinsi ya kumchagua samaki

1. Tazama macho. Yawe maangavu na yaliyotuna, si yaliyozama wala yenye ukungu.

2. Funua matamvua. Yawe mekundu, si ya kahawia wala yenye utelezi mzito.

3. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikirudi upesi ni nzuri. Shimo likibaki, mwache.

4. Mnuse. Samaki mzuri hunuka bahari, hanuki uvundo.

Lakini kumbuka: histamini yaweza kuwamo hata kama samaki anaonekana mzuri. Kwa hiyo muulize mwuzaji ametoka majini saa ngapi na kama alikaa kwenye barafu. Katika joto la kwetu, kilo moja ya samaki inahitaji karibu kilo moja ya barafu. Ukifika nyumbani mtoe matumbo, mwoshe kwa maji safi, umpike siku hiyo hiyo. Usimwoshe kwa maji ya ufukweni, maana mahali pasipo vyoo vya kutosha maji hayo huweza kubeba kipindupindu.

Kwa wavuvi na wakaangaji

Mvuvi akichomwa na mwiba wa taa au wa samaki-jiwe, tia mguu au mkono wake katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwani mwenye maumivu hawezi kupima vema. Joto hupunguza maumivu. Kisha aende hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, na pia atahitaji sindano ya pepopunda.

Kina mama wakaangaji, moshi unaumiza macho na mapafu. Tumieni kuni kavu, simameni upande unakotoka upepo, na watoto wachanga wasikae karibu na karai. Mafuta yaliyokuwa meusi na mazito yamwagwe.

Na yule mama kijana? Mkaangaji alimwelekeza kwa mwuza dagaa. Kwa fedha zile zile alipata kopo la dagaa waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala ukungu. Dagaa akiliwa mzima na mifupa yake hujenga mwili na kuimarisha mifupa na meno. Akisagwa laini hufaa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Mama aliondoka akiwa na kitoweo, na mtoto wake alikuwa amelala mgongoni.

Wazazi wapendwa, si lazima samaki awe wa bei kubwa ndipo afae. Yatosha awe salama. Mkienda sokoni wiki hii, waonyesheni watoto macho na matamvua ya samaki, nao wajifunze kuchagua.