NGOZI NI NGOME: DAWA NA IWAFIKIE WOTE

Ngozi ya mwanadamu ni ngome. Tabaka lake la juu kabisa, ambalo katika sehemu nyingi za mwili ni jembamba kuliko karatasi, huzuia vumbi na vijidudu visiingie ndani. Lakini ngome hiyo hiyo huizuia na dawa. Mwenye saratani ya ngozi hupaka dawa, na sehemu kubwa hubaki juu, isifike ulipo ugonjwa.

Wataalamu wamevumbua njia ya kupenya. Huifungia dawa katika chembe ndogo mno, zipimwazo kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya meta. Jeli moja ya namna hiyo ilikubaliwa Ulaya mwaka 2011 kwa mabaka yawezayo kugeuka saratani, Marekani ikafuata mwaka 2016. Na mwaka 2017 Ulaya iliikubali kwa aina moja ya saratani yenyewe. Dawa hupakwa, ngozi iliyougua huigeuza kuwa kitu kiamshwacho na nuru, kisha taa nyekundu huwashwa, na ugonjwa huungua pasipo kisu.

Twaishangilia elimu hii. Lakini twauliza: itamfikia nani? Hapa Tanzania jua huwaumiza zaidi ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga. Wengi ni wakulima, washindao shambani tangu asubuhi. Na saratani ikishazama ndani, jeli haitoshi. Hutakiwa upasuaji, na pengine mionzi.

Kwa hiyo dawa mpya isitusahaulishe kinga: kofia pana, shati la mikono mirefu, kazi ya kivulini na mafuta ya kuzuia jua. Mafuta hayo yamepata kutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ndugu hao hao. Huo ni ushahidi kwamba twaweza kujitegemea.

Basi kila tawi liwajue wenye ualbino waliomo katika eneo lake, lihakikishe wanapata mafuta hayo, na kidonda kisichopona kwa majuma manne kipelekwe hospitali bila kungoja. Nao wenye dhamana ya fedha za afya wasiseme kwamba dawa za kisasa ni za wenye nacho. Utaalamu usiomfikia mkulima ni nusu ya utaalamu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu ni uhai wa watu.