Fimbo ya Kupandia Mlima: Kipimo Kwanza, Bei Baadaye
Wengi wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895, huhofia kupanda, ilhali magoti huumizwa zaidi na kushuka, hasa katika njia ya Mweka, ambako mtu aliyefika kileleni alfajiri huteremka siku hiyohiyo kwenye vumbi na changarawe hadi kambi iliyo kwenye mita zipatazo 3,100. Katika mteremko wa namna hiyo, fimbo mbili huipokea sehemu ya uzito wa mwili kupitia mikono, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa nguvu zinazoligandamiza goti la mtu anayeteremka akiwa na fimbo hupungua kwa asilimia 12 hadi 25.

Faida hiyo hutegemea kipimo kuliko bei. Mtumiaji husimama mahali tambarare akiwa amevaa viatu vyake vya safari, akaisimamisha fimbo kando ya mguu na kukishika kishikio, na urefu huwa sahihi pale kiwiko kinapojikunja kwa pembe mraba. Kwa mtu wa sentimita 170, huwa ni takribani sentimita 115. Anapopanda huifupisha kwa sentimita 5 hadi 10, na anaposhuka huirefusha kwa kiasi hichohicho, ndiyo maana fimbo za vipande vinavyoingiana zina manufaa. Vipande hivyo hukazwa ama kwa kuvizungusha, ama kwa kibano cha nje kinachobanwa kwa kidole. Kibano ni bora zaidi, kwa sababu hufungwa hata na mkono uliovaa glavu, na kikilegea huonekana mapema. Alumini nayo inamfaa anayeanza kuliko nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi lakini zikipigwa na jiwe huweza kukatika ghafla, wakati alumini aghalabu hupinda tu.

Marekebisho machache huifanya fimbo ya kawaida imfae mwenyewe. Alama mbili za rangi ya kucha, moja ya kupandia na nyingine ya kushukia, huondoa kubahatisha. Mpira wa ndani wa baiskeli ukizungushwa chini ya kishikio, mkono huteremka kushika hapo kwenye mwinuko mfupi bila kuifupisha fimbo. Ukanda wa mkononi huingizwa kutokea chini, kiganja kikashika ukanda na kishikio kwa pamoja, ili uzito ubebwe na ukanda na vidole visichoke.

Asiyeweza kununua hakosi kitu kikubwa akichonga mti mkavu ulionyooka, akauacha urefu uzidi kiwiko kwa shubiri moja na kuifunga ncha kwa waya isipasuke. Kazi hiyo ifanyike nyumbani mapema, kwa kuwa kukata miti ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa kisheria.