Simu ndogo: tazama kazi kabla ya umbo

Ndugu msikilizaji, Jumatano na Jumamosi ndizo siku kubwa za soko la Tengeru. Siku hizo akina mama wa Akheri na vijiji jirani hushuka na ndizi, mboga na maparachichi. Fedha ya biashara hiyo haifungwi tena kwenye pindo la khanga peke yake. Sehemu yake kubwa hupitia kwenye simu. Kwa hiyo mtu anapojiuliza kama aachane na simu kubwa achukue ndogo, hilo si swali la fasheni. Ni swali la mtaji.

Zamani udogo wa simu ndio uliokuwa maendeleo yenyewe. Simu ya mkononi ya kwanza kuuzwa madukani, Motorola DynaTAC ya mwaka 1983 huko Marekani, ilikuwa na uzito wa gramu 790 hivi. Bei yake ilikaribia dola 4,000, na betri ilitosha mazungumzo ya nusu saa tu. Kampuni ya Mobitel ilipoanza huduma hapa Tanzania mwaka 1994, mwenye simu alionekana kwa mbali, maana haikufichika. Mwaka 1996 ikatoka Motorola StarTAC yenye gramu 88, na makampuni yote yakakimbilia udogo. Mwelekeo uligeuka baada ya iPhone ya kwanza mwaka 2007. Watu walianza kusoma, kutazama picha na kuandika kwa kugusa kioo, na vioo vikazidi kupanuka.

Leo hii anayetaka simu ndogo ana njia mbili. Ya kwanza ni simu ya vitufe yenye tochi, ambayo wengi wetu tunaiita kitochi na wengine kiswaswadu. Ya pili ni simujanja yenye umbo dogo. Hizi zinafanana kwa kimo tu. Faida na hasara zake ni mbalimbali, hivyo hapana budi tuzitenganishe.

Tuanze na kitochi. Kioo ndicho kinachokula chaji nyingi katika simu. Kioo kikiwa kidogo, na simu haihangaiki na intaneti mchana kutwa, chaji hukaa siku kadhaa. Kwa mtu ambaye umeme kwake unakatika mara kwa mara, hiyo si faida ndogo. Aidha, kitochi huvumilia kuanguka, na kibaka wa kwenye daladala hakikodolei macho kama anavyoikodolea simu ya kioo kipana.

Kubwa zaidi ni fedha. Huduma kama M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, hufanya kazi kwa kubonyeza nyota na reli, bila intaneti. Wapo wanaohofu kwamba wakibadili simu fedha zao zitapotea. La hasha! Fedha haikai ndani ya chombo. Iko katika akaunti iliyofungamana na laini yako, laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na inafunguliwa kwa namba ya siri unayoijua wewe. Hamisha laini, na akaunti yako inakufuata.

Hasara zake nazo zipo. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachopeana taarifa kwa WhatsApp kitakuacha nje. Mteja anayetaka kuona picha ya mzigo kabla hajaagiza hutamhudumia. Vilikuja vitochi vyenye intaneti, kama Smart Kitochi ya Vodacom iliyotumia mfumo wa KaiOS, lakini WhatsApp iliacha kuhudumia mfumo huo mwaka 2025. Hapo tunajifunza kwamba simu inaweza kuwa nzima kabisa mkononi, huku huduma uliyoinunulia imekwisha. Tena maandishi yake ni madogo, jambo linalowatesa wazee wetu, ingawa vitufe wanavipapasa na kuvizoea.

Sasa tuje kwenye simujanja ndogo. Hii inashikika kwa mkono mmoja, inaingia mfukoni bila kuchomoza, na inafanya karibu kila kinachofanywa na kubwa. Tatizo ni kwamba umbo dogo halina nafasi ya betri kubwa. iPhone 12 mini ya mwaka 2020, yenye kioo cha inchi 5.4, ilipewa betri ya mAh 2,227. Ndugu yake mkubwa wa mwaka huo huo, 12 Pro Max, alipewa mAh 3,687. Baada ya 13 mini ya mwaka 2021, kampuni ya Apple haikuendelea na umbo hilo katika matoleo ya mwaka 2022. Matokeo yake, anayezitaka simu hizo huangukia zilizokwisha tumika, na betri iliyokuwa ndogo tangu mwanzo sasa imechoka pia.

Ukishaamua kubadili, yapo mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, majina uliyohifadhi kwenye simu hayahami na laini, yanakili mapema. Pili, laini ya simujanja siku hizi ni ile iliyokatwa ndogo kabisa, wakati vitochi vingi hupokea ile pana, hivyo utahitaji fremu yake. Tatu, kabla ya kulipa bonyeza *#06# usome namba ya utambulisho ya simu, uilinganishe na iliyo kwenye boksi, na udai risiti. Tukumbuke tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia. Walionunua kwa kutazama bei tu walibaki na chuma kisicho na mtandao.

Wapo wanaomiliki zote mbili: kitochi chenye laini ya fedha kinakwenda sokoni, simu kubwa inabaki nyumbani. Ni busara, kwani kibaka akichukua kimoja hajachukua vyote. Lakini vitu viwili vina chaji mbili na gharama mbili.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla hujaenda dukani, hesabu kazi ulizofanya kwa simu yako wiki nzima iliyopita. Kama nyingi ni kupiga, kupokea na kutuma fedha, ndogo itakutosha na utalala bila wasiwasi. Kama wateja wako wanakuja kwa picha na ujumbe wa makundi, ukipunguza simu utakuwa umepunguza na biashara. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tukutane wiki ijayo.