Mvua Yenye Saa Yake: Wakimbiaji wa Ridhaa katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Majina ya majira katika Kiswahili yalizaliwa Pwani. Kaskazi na kusi ni pepo kabla ya kuwa nyakati za mwaka; masika, kipupwe, demani na vuli ni maneno ya watu walioupima mwaka wakiwa wameielekea bahari. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejaribu kuyapandisha maneno hayo hadi Kericho na Bomet hukwama upesi. Mvua ya masika huko haina mwisho unaoonekana, kwa kuwa Juni hadi Agosti, miezi ambayo Pwani ingeitwa ya kipupwe, ni miezi ya baridi na ya mvua kwa pamoja. Vuli nayo hufika wakati ardhi haijapata nafasi ya kukauka. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye nafuu, na hata hiyo si kiangazi cha kuaminika.

Ugumu huu wa msamiati una maana kubwa kwa kundi moja la wakazi wa nyanda hizo, yaani wakimbiaji wa ridhaa: vijana na watu wazima wanaofanya mazoezi na kushindana bila mkataba, bila kocha wa kulipwa na bila mdhamini. Mkimbiaji wa aina hiyo anayeishi London huvumilia giza, mvua na matope ya majira ya baridi akijua kwamba Aprili itafika. Mwenzake wa Litein, Kapkatet au Mogogosiek hana Aprili ya kuisubiri. Aprili ndipo mvua hukolea. Makala haya yanaeleza jinsi mkimbiaji huyo anavyoishi na hali ya hewa isiyomwachia msimu wa kupumzika. Yanashikilia kwamba mvua yenyewe si kizuizi chake kikubwa. Kizuizi ni gharama ya kukauka.

Ni vyema kwanza kueleza mvua hiyo inatoka wapi. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upande wa magharibi wa Msitu wa Mau. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria, na hewa yenye unyevu huanza kuvutwa kutoka ziwani kuelekea nyanda za juu. Huko hukutana na pepo zitokazo mashariki, hupandishwa na miinuko, hupoa, na kugeuka mawingu mazito. Ndiyo sababu asubuhi huweza kuwa shwari, na ifikapo saa nane au saa tisa alasiri mbingu zikafunguka. Mara nyingi mvua hiyo huja na mawe. Wataalamu wa hali ya hewa huitaja Kericho, pamoja na jirani yake Nandi, miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Kwa mwaka mzima, mvua ya Kericho hukaribia au hupita milimita 1,800. London, mji uliovumishwa duniani kwa mvua, hupata takriban milimita 600.

Chai hupenda hali hii. Huhitaji mvua iliyotawanyika mwaka mzima, udongo wenye asidi na ubaridi wa mlimani, na ndiyo maana mashamba makubwa yalianzishwa huko tangu miaka ya 1920, na baadaye wakulima wadogo wakajiunga kupitia mamlaka ya KTDA iliyoundwa mwaka 1964. Ukishuka kuelekea Chepalungu mvua hupungua, chai hutoweka, na mahindi na ng'ombe hushika nafasi yake. Kwa hiyo mpaka wa chai ni mpaka wa mvua, na mkimbiaji anayeishi ndani yake hupata riziki na matope kutoka katika wingu lile lile.

Kutokana na hayo, hali mbaya ya hewa katika nchi ya chai haifuati mwezi bali hufuata saa. Hapo ndipo ratiba ya mazoezi inapoanzia. Wakimbiaji hutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wageni huichukulia desturi hiyo kuwa nidhamu tu, lakini kuna sababu mbili za wazi: mvua ni ya alasiri, na uchumaji wa chai ni wa asubuhi. Anayechuma hulipwa kwa kilo, na jani ni majani mawili na chipukizi; mikono iliyochelewa hukuta wenzake wamekwisha kusonga mbele katika mistari. Mkulima mdogo naye hana budi kuwahi kituo cha kununulia majani kabla gari la kiwanda halijapita. Kati ya giza na kazi hubaki kama saa moja na nusu. Katika muda huo mkimbiaji lazima amalize kilomita zake, arudi, anywe chai na abadili nguo.

Alfajiri hiyo haina mvua lakini ina baridi na ukungu. Kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na katika usiku mkavu usio na mawingu sakitu huanguka juu ya majani na kuyaunguza. Ukungu hufunika barabara za changarawe zinazopita kati ya vitalu vya chai, na mtu husikia hatua za mwenzake kabla ya kumwona. Kukimbia kwa kundi, ambako huelezwa mara nyingi kuwa ni umoja wa kijamii tu, ni pia njia ya usalama: pikipiki na matrekta yanayobeba wafanyakazi huonwa na macho kumi mapema kuliko macho mawili.

Kuhusu mwinuko hapana haja ya kusema mengi, kwani jambo hilo limeandikwa sana: katika mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni kama sehemu nne kwa tano za ule wa ufukweni, na mwili huitikia kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Kisichosemwa vya kutosha ni habari ya maji na joto. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nishati hugeuka mwendo. Iliyobaki, kama robo tatu au zaidi, hutoka kama joto. Mkimbiaji aliye mwendoni, hata akiloa, ana jiko ndani yake. Hatari huanza anaposimama. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa, na fulana iliyoloa huendelea kuvuta joto hilo baada ya jiko kuzimwa. Mkimbiaji wa kambi kubwa husimama kando ya gari lenye nguo kavu. Wa ridhaa husimama chini ya paa la kituo cha majani, kisha hutembea kilomita mbili au tatu hadi nyumbani akiwa na nguo zile zile. Mafua na kikohozi vinavyomtoa mazoezini kwa wiki nzima huwalaumiwa mvua, ilhali ule mwendo wa kurudi huenda ndio unaochangia zaidi.

Hadithi ya viatu ni hiyo hiyo. Raba za mitumba hununuliwa jozi moja. Udongo mwekundu wa Kericho ni mzito, hushikamana na soli mpaka kila mguu ukawa na uzito wa miwili, na kwenye mteremko huteleza kama sabuni. Hayo mkimbiaji huyazoea. Hufupisha hatua, hukanyaga nyasi za kando ya barabara, huacha kutafuta kasi na kutafuta muda. Lakini kiatu kilicholoa katika hewa yenye unyevu kiasi hicho hakikauki kwa usiku mmoja. Kikiwekwa karibu na meko, gundi hulegea na soli huachana. Kikijazwa magazeti makuukuu hukauka polepole, na karatasi lazima zibadilishwe. Wapo wanaokimbia pekupeku siku za mvua ili viatu vibakie kwa ajili ya mashindano. Mtazamaji wa mbali hupenda kuliona hilo kama kipaji cha asili au kiburi cha utamaduni, lakini kwa wengi wao ni hesabu ya matumizi.

Mazoezi ya pili, yale ya jioni, ndiyo yanayoumia zaidi. Ratiba za wakimbiaji wa kulipwa huwa na mbio nyepesi saa kumi alasiri, na hiyo ndiyo saa ya mawe na radi. Michai hukatwa iwe na kimo cha kiuno, kwa hiyo mtu aliye katikati ya shamba ndiye kitu kirefu kuliko vyote vinavyomzunguka. Safu za mikaratusi, iliyopandwa kwa ajili ya kuni za viwandani, si kimbilio. Mti mrefu wakati wa radi ni hatari zaidi. Mkimbiaji mwenye busara hukosa zoezi hilo siku nyingi, na pengo hilo huonekana katika saa ya mpima muda.

Mashindano nayo yana kejeli yake ya kiisimu. Kiswahili huyaita mbio za nyika, na nyika ni mbuga kavu, pori la ndani ya Pwani lenye miiba na vumbi. Huko Kericho na Bomet mbio za nyika hukimbiwa kwenye viwanja vya shule vyenye nyasi ndefu na madimbwi. Jina kavu limefunika jambo bichi. Mbio za kuruka viunzi na maji, kwa upande mwingine, zimepata jina linalozifaa kabisa. Katika mbio za uwanjani, mistari ya chokaa hufutwa na mvua kabla ya fainali, na waamuzi huichora upya au huahirisha. Kuahirisha ni neno jepesi kwa waandaaji. Kwa aliyelipa nauli ya matatu na kuacha siku ya kuchuma, ni hasara mbili zisizorudi.

Je, mazoea haya ya baridi na matope yana faida mbele ya safari? Mwaka 2007 ulitoa mifano miwili ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 24 Machi, Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika Mombasa, na joto pamoja na unyevu wa Pwani viliwaangusha wengi. Hata bingwa wa Ethiopia, Kenenisa Bekele, alijiondoa. Tarehe 16 Aprili, Boston ilikimbiwa katika dhoruba ya upepo na mvua. Mkenya Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyekuwa ameshinda mwaka 2006 kwa saa 2:07:14, alishinda tena, lakini kwa 2:14:13. Mtu yule yule, njia ile ile, tofauti ya karibu dakika 7. Hali mbaya ya hewa humpunguzia kasi kila mtu, bingwa pia. Swali ni nani hupunguziwa kidogo.

Jibu lililowashangaza wengi lilitoka Boston mwaka 2018, siku ya mvua ya barafu na upepo wa uso, ambapo wakimbiaji wengi mashuhuri waliacha mbio. Mshindi alikuwa Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali ya jimbo aliyefanya kazi katika ofisi ya shule na kufanya mazoezi nje ya saa za kazi. Alimpita Mkenya Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia, na kumaliza kwa 2:15:58. Mfanyakazi aliyezoea kukimbia siku yoyote aliyopewa na mbingu aliwashinda waliozoea kuchagua. Hata hivyo, kulinganisha kuna mpaka. Kawauchi alikuwa na mshahara uliomsubiri. Mchumaji wa Konoin akikosa siku, amekosa kilo zake.

Hapa neno ridhaa lenyewe linastahili kutazamwa. Masikio huliweka karibu na riadha, ingawa maneno hayo mawili ya asili ya Kiarabu yana mizizi tofauti: moja ni zoezi, jingine ni kukubali kwa hiari. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na kisha fedha mjini Mexico mwaka 1968, alikimbia katika enzi ambapo sheria ilikataza malipo na ridhaa ilikuwa sharti la kila mshindani. Shirikisho la kimataifa liliondoa neno hilo katika jina lake mwaka 2001. Leo ridhaa imebaki kuwa hali ya asiyelipwa bado. Wengi wa wanaokimbia kati ya vitalu vya chai hawakuichagua. Wanaipitia, wakitazamia kutoka.

Na sababu za kutazamia kutoka zimeongezeka. Mashine za kuchuma chai zimepunguza mikono inayohitajika katika mashamba makubwa, na Mei 2023 hasira hiyo ilifikia hatua ya mashine kuchomwa moto Kericho. Kwa upande mwingine, Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, kwa muda wa 28:54.14, mwezi Mei 2024, kisha akatwaa dhahabu mbili mjini Paris mwaka huo huo. Kijana anayeona mambo hayo mawili kwa pamoja hahitaji kushawishiwa kuamka alfajiri.

Anachohitaji ni vitu vidogo ambavyo ripoti za michezo hazivitaji: banda lenye paa la mabati kando ya uwanja wa shule, lenye kamba za kuanikia na moto wa kuota, mpima muda ambaye hataahirisha mbio baada ya nauli kulipwa, bali ataziweka saa mbili asubuhi kabla mawingu ya ziwa hayajapanda, na jozi ya pili ya viatu, ili ya kwanza ipate siku mbili za kukauka.