Kuonja Tonto na Malwa: Chagua Njia Kabla ya Kufika

Askari aliye likizoni, anapofuatana na mkewe kwa watengenezaji wa tonto huko Mafubira, pembeni mwa Jinja, hukaribishwa kwa kibuyu hata kabla hajaketi vizuri. Hapo ndipo wengi hukosea. Hunywa chote kwa kumheshimu mwenyeji, huenda nyumba ya pili na ya tatu, na jioni hawajui ipi ilikuwa nzuri wala fedha zilikoishia.

Katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa na Afrika Kusini, muonjaji huuzungusha mvinyo kinywani kisha huutema. Desturi hiyo haifai kuhamishiwa Busoga, maana kumtemea mtu pombe aliyoihangaikia ni kama kumtukana. Afadhali mume na mke waombe kikombe kimoja kidogo, wagawane, na wapatane tangu nyumbani idadi ya vikombe.

Ndizi za pombe, kama vile kayinja na kisubi, huivishwa na kukandwa pamoja na nyasi hadi zitoe maji yake. Maji hayo hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi. Mwanzoni tonto ina utamu wa sharubati. Baada ya siku mbili tatu huwa kali. Ikizidi kukaa huelekea siki. Kwa hiyo swali la kwanza ni umri wake, na ile changa huonjwa kabla ya ile kali, isije ikaufisha ulimi.

Huenda mwenyeji akatoa pia chupa ya waragi iliyokenekwa nyumbani. Hiyo si ya kuonja, hata tone. Methanoli haitambuliki kwa ulimi wala kwa pua, na macho huanza kufifia saa nyingi baadaye. Huko Kabale mwaka 2010, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye sumu hiyo.

Anayeendelea hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi hukuta mambo mengine. Malwa ya ulezi hunywewa kwa mirija mirefu kutoka mtungi mmoja, watu wakiwa wameuzunguka, huku maji ya moto yakiongezwa kila mara. Kikombe kina kipimo, mrija hauna. Mtungi haupungui machoni, na mgeni hudhani hajanywa kitu. Mwenye busara huja na mrija wake mwenyewe, hasa kwa ajili ya usafi, akavuta mara tatu nne, kisha akaulaza na kuendelea na mazungumzo. Hakuna atakayemlaumu. Aulize pia maji yamekwisha kuongezwa mara ngapi, kwa kuwa mtungi uliokwisha kujazwa mara nyingi hauonyeshi tena ufundi wa mpishi.