Refa na Kocha wa Mtaa: Ukiumia Uwanjani, Nani Atalipa?

Jumapili saa nane mchana. Uwanja wa vumbi, timu mbili za mtaa, na refa mmoja ambaye malipo yake ni nauli ya boda na soda. Siku za wiki huyu refa ni fundi wa kuchomelea vyuma. Dakika ya sabini anageuka haraka kufuata mpira, mguu unaingia kwa shimo, kifundo kinavunjika. Anabebwa hadi hospitali, na kabla ya usiku tayari kuna kikundi kipya cha WhatsApp: "Tumsaidie refa wetu."

Huo mfano tumeutunga sisi, lakini kama unachezesha au kufundisha mtaani, bila shaka unamjua mtu wa aina hiyo. Wiki ya kwanza watu wanatuma mia mbili, mia tano, mwingine elfu moja. Wiki ya pili kikundi kimenyamaza, na aliyebaki humo anatuma picha za maombi tu. Wiki ya sita fundi bado hawezi kusimama kwenye karakana. Bili ya hospitali ilishamalizwa kitambo. Kinachomsumbua sasa ni kodi ya nyumba, kwa sababu mwezi na nusu hajaingiza kitu.

Tuseme mapema: sisi hatuuzi bima. Kazi yetu ni kuhakikisha pesa yako inafika unakoituma. Lakini mchango wa mgonjwa unapitia kwa simu, na ada ya bima pia siku hizi inapitia kwa simu, kwa hivyo tumeona tueleze hizi pesa mbili zinatofautiana wapi.

Si niko na SHA?

Hilo ndilo jibu la wengi, na ni jibu zuri nusu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na asiyeajiriwa analipa kulingana na mapato ya nyumba yake, isipungue Sh300 kwa mwezi. Kama umelipa, SHA inashughulikia matibabu kwa viwango vyake. Lakini haitakulipa zile siku ulizokaa nyumbani na mguu juu ya mto, na haitamlipa mtu mwingine aliyeumia akiwa chini ya uangalizi wako.

Kuna pia wanaosema, "Nikiumia kazini kuna fidia ya wafanyakazi." Ni kweli, ile sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa majeraha ya kazini, maarufu kama WIBA, ni kali: mfanyakazi akifa au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Shida ni hilo neno mfanyakazi. Mwalimu wa michezo aliyeajiriwa na shule yuko ndani. Wewe unayejitolea kila Jumapili kwa nauli na soda, bila mkataba wala mshahara, itakuwa vigumu sana kuonyesha kwamba kuna aliyekuajiri. Mwenye timu atakuambia ulikuja kusaidia, na hatakuwa amekosea.

Mwili wako, na mwili wa mtu mwingine

Bima za kumfaa kocha au refa wa mtaa ni mbili, na watu huzichanganya sana.

Ya kwanza ni bima ya ajali binafsi. Hii inakulinda wewe. Ukifa kwa ajali, familia inalipwa kiasi mlichokubaliana. Ukilemaa, unalipwa kulingana na ulemavu. Na ukishindwa kufanya kazi kwa muda, nyingi za bima hizi zinakupa malipo ya kila wiki hadi upone au muda uliowekwa uishe. Kwa fundi wetu, hayo malipo ya wiki ndiyo yangeokoa nyumba. Ukiwa unalinganisha bei za kampuni, usiangalie kiasi cha kifo peke yake, maana ndicho huandikwa kwa herufi kubwa. Uliza kwa wiki unapata ngapi, na unaanza kulipwa baada ya siku ngapi.

Ya pili ni bima ya dhima, yaani unapodaiwa na mtu mwingine. Fikiria kocha wa watoto wa chini ya miaka 13. Goli la kuhamishwa halijafungwa chini, mtoto anang'ang'ania mwamba wa juu, goli linamwangukia. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini halikufungwa. Akienda kortini na ikaonekana ulizembea, hiyo fidia inatoka mfukoni mwako, pamoja na wakili. Bima ya ajali binafsi hapo haikusaidii hata shilingi. Na zile fomu tunazowapa wazazi watie sahihi kwamba mtoto anacheza "kwa hatari yake mwenyewe"? Usizitegemee sana. Uzembe unabaki kuwa uzembe hata kama mzazi alitia sahihi.

Kwa maoni yetu, refa na mshika kibendera waanze na ya kwanza. Kocha wa watoto asikae bila ya pili.

Peke yako bima inaweza kukushinda, lakini kampuni nyingi zinakatia kikundi bima moja yenye orodha ya majina na namba za vitambulisho. Hapo ndipo chama cha marefa au klabu inaingia. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ada ni Sh600 kwa mtu kwa mwaka na mko 20. Kila mmoja akiweka Sh50 kila wikendi, baada ya mechi 12 mna Sh12,000.

Pesa ikiwa kwa simu ya mhazini, bado hujalindwa

Tukitaka ukumbuke sehemu moja ya makala hii, ni hii. Sheria ya Bima ya Kenya, kifungu cha 156, inasema kampuni ya bima haibebi hatari yoyote hadi ada yake iwe imepokelewa. Mchango ukikaa kwa simu ya mhazini wiki tatu kwa sababu wenzenu wawili hawajamaliza, basi wote 20 hamna bima wiki hizo tatu, hata wewe uliyelipa mapema. Ukivunjika siku ya Jumapili na mhazini alipe Jumatatu, umechelewa.

Kwa hivyo wasiomaliza waachwe nje ya orodha kwanza, waliomaliza walipiwe. Inauma kidogo kwa kikundi lakini ni haki. Lipeni kwa Paybill ya kampuni yenyewe, msilipe kwa namba ya simu ya ajenti hata akiwa ni jirani yenu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kwenye nafasi ya akaunti weka ile namba ya bima mliyopewa, isiwe jina la timu, kwa sababu pesa isiyojulikana ni ya nani inaweza kukaa huko ikielea huku nyinyi mkidhani mmelindwa. Kama hamjui kampuni ina leseni, IRA, mamlaka inayodhibiti bima nchini, hutoa orodha ya waliosajiliwa.

Na msisahau vile vijisenti vya juu. Kwenye ada kunaongezwa asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na Sh40 za stempu. Kwa Sh12,000 zetu hiyo ni Sh24, Sh30 na Sh40, jumla Sh12,094. Kutuma Sh12,000 kamili kwa sababu inapendeza macho ni kuacha deni la Sh94.

Ulizeni haya kabla ya kulipa, na majibu yawe kwa maandishi. Boda iko ndani? Bima nyingi za ajali huacha nje safari za pikipiki, na marefa wengi wanafika uwanjani kwa pikipiki. Kupigwa na mashabiki je? Mtu aliyeshambuliwa bila kuanza ugomvi mara nyingi hulindwa, lakini si kila mkataba unasema hivyo. Na hiyo nauli ya boda mnayopewa, kampuni inaihesabu kama malipo ya mchezo wa kulipwa? Michezo ya kulipwa huachwa nje mara nyingi, na hamtaki kulijua hilo mkiwa tayari mmelazwa.

Ajali ikitokea, ripoti mara moja, kwa simu kisha kwa maandishi, kwa sababu mkataba una siku zake. Weka risiti za hospitali, ripoti ya daktari, na ile karatasi ya mechi yenye jina lako. Ukipigwa, nenda polisi ujaziwe fomu ya P3. Ujumbe wa malipo ya bima usiufute. Piga picha ya skrini umtumie mtu mwingine pia, maana simu nazo hupotea uwanjani.

Fidia ikilipwa kwa simu, jina kwenye bima lazima lifanane na jina la kitambulisho kilichosajili laini. Kama mtaani unajulikana kama "Collina" na mhazini akaandika hivyo, mwambie abadilishe sasa. Kwa kiasi kikubwa, kumbuka muamala mmoja wa simu hauvuki Sh250,000 na akaunti haishiki zaidi ya Sh500,000, kwa hivyo mwambie aliyeandikwa kama mnufaika wako awe na akaunti ya benki pia.