Rangi za Nyaya na Ukimya wa Redio Mpya ya Gari

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania, Kenya na Uganda hutoka Japani, na redio zilizofungwa ndani yake zimetengenezewa masafa ya FM ya nchi hiyo, ambayo kwa miaka mingi yaliishia megahezi 90 kabla ya kuongezwa hadi 95, ilhali stesheni za Afrika Mashariki hurusha matangazo yake hadi megahezi 108. Ndiyo maana redio huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilishwa gari likishapata namba. Hata hivyo, redio mpya aghalabu hukaa kimya, au husahau stesheni kila gari linapozimwa, au huvuma kwa kufuata mwendo wa injini. Lawama zote hukiangukia chombo kipya, nacho hurudishwa dukani, hali kasoro imo katika nyaya zilizobaki nyuma ya dashibodi.

Chanzo kikubwa ni rangi. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa manjano hupokea umeme wa kudumu, yaani ule unaotoka kwenye betri bila kukatwa na swichi ya funguo, nao ndio unaotunza saa na stesheni. Waya mwekundu hupokea umeme wa swichi, unaofika pale tu funguo inapozungushwa hadi alama ya ACC kwenye swichi au kuipita. Na waya mweusi ni hasi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nyaya nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika nne, kila mmoja ukiwa na mwenzake mwenye mstari mweusi. Lakini Toyota nyingi hazifuati mpangilio huo: umeme wa kudumu hupita katika waya wa bluu wenye mstari wa manjano, umeme wa swichi katika waya wa kijivu, na hasi katika waya wa kahawia, ilhali nyaya nyeusi, manjano, nyekundu na nyeupe huenda kwenye spika za nyuma. Fundi anayeunganisha manjano kwa manjano na nyekundu kwa nyekundu huwa ameifunga redio kwenye spika, mahali pasipo na umeme wowote. Akiunganisha kijivu kwa kijivu, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa huingiza volti 12 za gari katika sehemu ambayo redio hutolea sauti, na kosa hilo moja laweza kuiunguza papo hapo.

Kwa hiyo rangi haitoshi kuwa ushahidi; ushahidi ni kipimo. Ncha nyeusi ya kipima umeme ikigusishwa bodi ya gari, waya wa umeme wa kudumu utaonyesha takriban volti 12.6 kwa betri iliyojaa, hata funguo ikiwa mfukoni, na waya wa swichi utaonyesha volti hizo pale tu funguo inapofika ACC au kuipita. Redio inayosahau stesheni mara nyingi huwa imebadilishiwa nyaya hizo mbili, na ile inayomaliza betri usiku huwa imefungiwa zote mbili kwenye umeme wa kudumu. Pasipo na volti kabisa, fyuzi ikaguliwe kwanza, ile iliyo mgongoni mwa redio na ile ya gari, wala isibadilishwe kwa yenye ampea nyingi zaidi, kwa sababu udhaifu wa fyuzi ndio ulinzi wake.

Redio inayowaka bila kutoa sauti ina habari nyingine. Redio za sasa husukuma sauti kwa nyaya zote mbili za kila spika, hivyo waya wa hasi wa spika si hasi ya gari, na ukigusa bodi, amplifaya hujizima ili isiungue. Gari lenye amplifaya yake ya kiwandani hukaa kimya iwapo waya wa bluu wenye mstari mweupe, ambao kazi yake ni kuiwasha, umeachwa ukining'inia. Besi ikipotea, huenda spika moja imegeuziwa chanya na hasi, na betri ndogo ya volti 1.5 ikigusishwa nyaya zake kwa muda mfupi, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, itathibitisha, maana karatasi ya spika iliyounganishwa sawasawa husogea nje. Mvumo unaopanda pamoja na injini mara nyingi hutokana na hasi iliyofungwa vibaya, na stesheni hafifu hutokana na antena yenye kikuza mawimbi kisichopata umeme wake.

Makosa mengi kati ya haya huzuilika kwa adapta, yaani kipande cha nyaya ambacho upande mmoja huingia katika plagi za gari, ambazo kwa Toyota nyingi ni ya pini 10 na ya pini 6, na upande wa pili huungwa na redio, bila kukata kitu. Mwenye gari na amwombe fundi adapta hiyo kabla koleo halijagusa waya wowote.